Pale Baba Yako Alipokuwa Akisimama

Igogo, Alhamisi jioni

Leticia mwanangu,

Umekwenda Pasiansi kusukwa kwa rafiki yako, na kwa wingi wa nywele zako najua hutarudi kabla ya giza. Baba yako yuko nyuma ya nyumba, amekaa juu ya lile jiwe lake. Mimi nimekaa mezani na daftari lako la zamani ambalo lilibaki na kurasa nyeupe. Barua hii nitakupa mkononi ukirudi. Uisome leo. Usiifungulie kesho kwenye basi la kwenda chuoni, maana ukiwa kwenye basi itakuwa haina kazi tena.

Sitaandika habari za sabuni, neti wala chakula cha chuoni. Hayo unayajua, ulianza kuisaidia nyumba hii ukiwa darasa la nne. Nataka kukuambia jambo moja ambalo nimelificha kwa miaka miwili. Ukishalijua unaweza kunichukia. Nimejiandaa, ingawa siwezi kusema nimejiandaa vizuri.

Tangu ukiwa kidato cha pili humwamkii baba yako. Chakula unampelekea, nguo unamfulia, akikutuma unakwenda. Lakini shikamoo yako hajaisikia kwa miaka minne, labda wageni wakiwepo, nayo unaitamka ukiwa umeshampita. Majirani wanasema wasichana wa siku hizi hawana adabu. Wewe adabu unayo. Aliyekufikisha hapo ni mimi.

Unaikumbuka siku yenyewe. Tulikuwa jikoni tunachambua dagaa, ukaniuliza mbona macho yangu mekundu. Nikakujibu, "Baba yako ana mwanamke pale chini. Yule mshonaji." Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Kesho yake niliikuta sketi yako ya shule, ile aliyokushonea Mama Kulwa, umeifumua kwa wembe mshono mmoja mmoja mpaka ikarudi kuwa vipande vya kitambaa. Nilikununulia nyingine bila kukugombeza. Na ndani yangu, mwanangu, niliona fahari. Nilijiona sipo peke yangu.

Baba yako hakuwa na mwanamke. Alikuwa anaumwa mguu.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana wewe uliona vipande tu.

Unajua mlima wetu ulivyo. Ukitoka kwenye duka la nyavu alikokuwa akifanya kazi, barabara ya lami inaishia pale chini, halafu ni ngazi za mawe mpaka mlangoni kwetu. Miaka yote baba yako alikuwa anaipanda njia hiyo kama mbuzi, na marobota ya nyavu alikuwa anayabeba kutwa nzima. Halafu, mwaka ule, akaanza kuchelewa. Na watu wakaanza kuniambia jinsi mume wangu alivyobadilika. Alikuwa mtu wa maneno machache, sasa anasimama kila nyumba. Anaamkia, anauliza habari za watoto, za ng'ombe walioko kijijini, za mvua. Nyumba tatu mbele anasimama tena. Vijana wakamtania: "Mzee, unagombea uenyekiti wa mtaa nini? Kura yangu unayo!" Naye alicheka, akasema, "Andika jina langu." Wakawa wanamwita Mwenyekiti. Sisi Wahaya tunasema salamu za Msukuma haziishi, na mume wangu ni Msukuma wa kweli. Na mimi nilicheka.

Katikati ya njia hiyo palikuwa na kibaraza cha Mama Kulwa. Alikuwa mjane, ana cherehani yake na benchi la wateja. Hapo baba yako hakusimama tu, alikaa. Kila jioni. Nilianza kusikia kwa mmoja, kisha kwa wa pili, kisha nikashuka mwenyewe nikajificha nyuma ya jiwe kubwa la karibu na bomba la maji. Nilimwona kwa macho yangu. Alikaa, akanyoosha mguu wa kulia, akalisugua shavu la mguu kwa kiganja. Mama Kulwa alikuwa anashona, hata uso hakuuinua. Baada ya muda mfupi baba yako akasimama, akaaga, akapanda.

Niliyaona yote hayo. Mguu nimeuona. Mkono unaosugua nimeuona. Nikarudi nyumbani nimeona mapenzi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda pale kukiwa na wateja. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani, sijui kwa nini.

"Mama Kulwa, mume wangu unamshonea nini kila siku?"

"Simshonei kitu, dada. Anakaa, anapumzika, anakwenda."

"Kwangu hakuna viti?"

"Vipo. Ila kwako ni juu."

Wanawake waliokuwepo walipasuka kwa kicheko. Mmoja akasema, "Leo uzi utakatika hapa!" Mama Kulwa alikuwa anasema ukweli mtupu, kwamba nyumba yetu iko juu na mtu huyu hawezi kufika bila kupumzika, mimi nikasikia ananidhihaki. Nilimwita majina ambayo sitayaandika kwenye daftari la mtoto. Nilishika benchi lile, nikalisukuma likaanguka kwenye mawe, mguu wake mmoja ukavunjika. Yeye hakunirudishia tusi hata moja. Alisema tu, "Mama Leticia, muulize mwenyewe."

Sikumuuliza. Nilimwambia. Hayo ni mambo mawili, na nimechelewa kujua tofauti yake. Baba yako alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Sitasimama tena pale." Kwa nini hakusema mguu unamuuma? Nimemuuliza baadaye. Alisema tajiri wa duka alishamwachisha kazi mwenzake kwa sababu ya mgongo, na alijua nikijua mimi, dada yangu atajua, na dada yangu akijua soko zima linajua. Alikuwa sahihi. Halafu alikulia machungani, ambako mtoto aliyesema miguu imechoka alichekwa mpaka akome. Kwa hiyo alichagua kuonekana malaya kuliko kuonekana mgonjwa. Ndivyo wanaume wetu walivyo, lakini usinielewe vibaya: hilo halinipunguzii mimi chochote.

Baada ya hapo aliacha kutembea. Asubuhi alishuka taratibu, na jioni, badala ya kupanda kwa kupumzika, alibaki dukani mpaka giza liingie ili apande bila kuonekana. Jumapili hakutoka kabisa. Alikaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba na sigara zake. Alianza kuvuta akiwa kijana, lakini miezi ile alikuwa anamaliza paketi moja na kuanza nyingine, na nilimtuma mtu dukani amletee, kwa furaha, kwa sababu mume anayevuta sigara nyuma ya nyumba yuko nyumbani. Sigara sikuiona kuwa adui. Haikuwa imevaa gauni.

Mguu ukazidi. Sasa ulimuuma hata akiwa amelala, akawa anauning'iniza nje ya kitanda. Niliugusa siku moja, ulikuwa wa baridi kama sangara aliyetolewa kwenye barafu, wakati mguu wa pili ulikuwa na joto lake. Vinyweleo vya mguuni vilikuwa vimeisha. Hapo mtu mwenye akili angekwenda hospitali. Mimi nilisema ni limbwata. Nilisema yule mwanamke amemfunga mguu ili uwe unamwelekea yeye tu.

Mimi niliyesema hivyo nimesoma, Leticia. Masista walinifundisha kwa uangalifu kule Kagera. Kwenye biolojia nilichora moyo na mishipa yake, nyekundu kwa damu inayotoka, bluu kwa inayorudi, na sista akaubandika mchoro wangu ukutani. Niliishusha ile mistari nyekundu mpaka kwenye vidole vya miguu, nikahakikisha hakuna kidole kilichokosa. Ningeweza kuuchora mchoro huo hata leo. Nikamchukua mume wangu mwenye mguu wa baridi, nikampeleka kwa mganga.

Tulikwambia tunakwenda msibani. Tulivuka ziwa, tukalala huko. Mganga aliutazama mguu, akaniuliza mimi maswali, si yeye. Mimi ndiye niliyemjibu kwamba kuna mwanamke. Akatoa wembe. Baba yako akanitazama, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi sina ugonjwa wa mwanamke. Lakini kama kuchanjwa kutakupa amani, nichanjwe."

Aliunyoosha mguu mwenyewe. Chale saba kwenye shavu la mguu, tatu juu ya wayo karibu na kidole gumba, unga mweusi ukapakwa ndani. Nilishangaa damu iliyotoka ilikuwa kidogo. Mganga akasema ni dalili kwamba mguu umefungwa. Na kwa kweli ulikuwa umefungwa.

Zile za kwenye shavu la mguu zilifunga polepole. Za juu ya wayo hazikufunga. Niliziosha kwa maji ya moto na chumvi, moto sana, na yeye hakulalamika kwa sababu ngozi ilishaanza kutosikia. Nikamuunguza juu ya jeraha. Kidonda kikala nyama. Kidole gumba kikabadilika rangi, na cha pili yake kikafuata. Siku niliyosikia harufu ndiyo siku nilipoacha kuzungumzia limbwata.

Hospitalini alitupokea daktari wa kike, kijana, labda anakuzidi wewe miaka kumi. Alimwamkia baba yako kwanza, akavuta kiti. Aliweka vidole vyake juu ya wayo, akatafuta mapigo kwa muda mrefu, akahamia nyuma ya kifundo, akatikisa kichwa. Alimpima presha mkononi, kisha akampima tena kwenye kifundo cha mguu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Halafu akauliza.

"Mzee, kabla ya kidonda, ulipokuwa unatembea, mguu ulikuwa unauma?"

"Ulikuwa unabana. Hapa, kwenye shavu la mguu."

"Ukisimama?"

"Unaacha."

"Baada ya muda gani?"

"Kama dakika tatu, nne. Halafu natembea tena, unabana tena palepale."

"Na ulikuwa unapumzikia wapi?"

Baba yako alinitazama, kisha akatazama sakafu. "Popote palipo na kiti," alisema. "Halafu nikaacha."

Daktari akatueleza. Mishipa inayopeleka damu miguuni ilikuwa imesinyaa kwa mafuta yaliyoganda kwenye kuta zake, miaka kwa miaka, na sigara ndiyo iliyofanya kazi kubwa, presha ikasaidia. Mtu akikaa, damu kidogo inayopita inatosha. Akipanda mlima, msuli unadai zaidi na hakuna, ndipo unapolia. Akisimama, deni linalipika, maumivu yanakwisha. Ndiyo maana watu wengi wanadhani ni uzee au uchovu, wanapuuza. Na mguu uliokosa damu, alisema, haufai kukatwa hata kwa kijiwembe, kwa sababu kidonda kinaponywa na damu.

Kisha akasema neno ambalo nimelala nalo kila siku tangu hapo. Alisema ugonjwa huu ukiwahiwa, mgonjwa anaacha sigara, anapewa vidonge vya kupunguza mafuta, vya presha na vya kuzuia damu kuganda, na anaambiwa atembee. Atembee mpaka mguu ubane, apumzike, atembee tena. Kila siku. Mishipa midogo ya pembeni inajifunza kuibeba damu. "Sasa mzee, wewe ulikuwa tayari unafanya hivyo bila kuambiwa na mtu," akasema, "unapanda, unakaa, unapanda. Hiyo ndiyo nusu ya dawa. Nani alikwambia uache?"

Nilisubiri jina langu.

"Niliacha mwenyewe," akasema baba yako.

Walimkata vidole viwili. Wewe ulikataa kuja wodini, na mimi nilikuacha ukatae. Baadaye tulipewa rufaa, wakauzibua mshipa mmoja wa pajani kwa waya mwembamba wenye kipira kinachotanuka ndani, damu ikashuka, na mwezi baada ya mwezi kidonda kikafunga. Wangekuwa na haki ya kuuondoa mguu wote. Hawakuuondoa. Lakini daktari hakutuficha: mishipa ya mwili ni familia moja, iliyoziba mguuni ina ndugu zake moyoni na kichwani. Kwa hiyo anameza vidonge vyake. Sigara aliiacha wodini. Aliniambia ilikuwa ngumu kuliko kisu.

Ndipo nilipopaswa kukuita nikuambie. Ni miaka miwili sasa. Kila wiki nilisema wiki hii. Unataka kujua kilichonizuia? Si aibu peke yake. Ulikuwa umehamia upande wangu, Leticia. Ulikuwa unakaa na mimi jikoni, unanisimulia mambo yako, unanisukuma bega ukicheka. Kabla ya hapo ulikuwa mtoto wa baba. Ukirudi shule ulimtafuta yeye kwanza. Nilikupata kwa uongo, na niliposhaujua uongo niliona heri niendelee kuwa na wewe. Nilikuwa namwona anakufuata kwa macho ukipita, nami nikipakua ugali.

Kuna mambo ambayo mtu anakosea kwa kutojua. Hayo ya mguu nimejisamehe nusu. Haya ya miaka miwili nilikuwa najua.

Mama Kulwa alihama kabla hata baba yako hajalazwa. Wateja walimkimbia, watoto walikuwa wanaimba wakipita kwake. Aliwabebesha watu cherehani yake mpaka barabarani, akaenda Sengerema kwa dada yake. Kwenye kile kibaraza sasa kuna mtu anauza mkaa. Jumatatu nitakwenda Sengerema. Sijui nitamwambia nini, na sijui kama atanifungulia mlango. Akinifungia atakuwa hajanikosea.

Sikupi haya ili uwe na hekima. Una miaka kumi na tisa, utakosea makosa yako mwenyewe, nayo yatakuwa mapya. Labda nikuombe jambo moja tu: siku utakapomwona mtu amesimama mahali usipopenda asimame, muulize. Swali lile lingenichukua muda mfupi kuliko kuvaa lile gauni.

Leo mchana nilimwambia baba yako kwamba nakuandikia. Alikuwa na kile kioo kidogo, anatazama nyayo zake kama alivyofundishwa, asije akawa na mchubuko asiousikia. Hakuinua macho.

"Unamwandikia nini?"

"Ukweli wa Mama Kulwa."

Akageuza kioo upande wa pili.

"Acha, Mama Leticia. Mtoto anaondoka kesho. Akinichukia mimi, bado ana wewe. Akituchukia wote wawili, likizo atarudi kwa nani?"

"Kwa hiyo wewe uendelee hivi hivi?"

"Mimi nimeshazoea."

Nilitoka nje nikalia kwenye karo la vyombo, nikafungulia maji asinisikie. Mtu huyu ndiye niliyeuambia mlima mzima kwamba ni mhuni. Nimemkatalia, Leticia. Nimekuandikia. Ni mara ya kwanza namkatalia kwa ajili yake.

Ukiisoma utataka kuja kwangu kwanza, kugombana au kulia. Usije. Mlango wangu utakuwa umefungwa, na chochote ulicho nacho juu yangu kinaweza kusubiri. Nitakuwepo, na nitakisikiliza chote.

Kesho baba yako amesema atakusindikiza mpaka barabarani. Sanduku nitalichukua mimi kichwani na nitatangulia, kwa hiyo mtakuwa wawili. Daktari anataka atembee, basi atembee. Atakuambia, "Wewe tangulia, nakuja." Usitangulie. Atajifanya anatazama ziwa au anafunga kamba ya kiatu. Simama naye, mguu ukitulia atakwambia twende. Ikitokea ukapata la kumwambia mkiwa mmesimama, sawa. Usipopata, kusimama tu kunatosha kwa kuanzia.

Mwenye bajaji nimemwambia awe chini saa kumi na moja kasoro robo jioni. Wewe peke yako unashuka kwa dakika kumi. Nyinyi mtatoka nyumbani saa kumi kamili.

Mama yako